Nyegere na Harufu ya Mchaichai

Zamani hizo, asali ilipokuwa bado haijawekewa mlinzi, kila mnyama alijiingilia pangoni mwa Nyegere akalamba mpaka akinai. Nyegere akachoka. Akawaita ndani pimbi wachache aliowaamini, akawapaka mchaichai, kisha akamweka Kalunguyeye mlangoni.

"Sikia, bwana mdogo. Asiyenuka mchaichai haingii, hata akilia machozi ya damu. Hapa hakuna kujuana."

"Nimekuelewa, mzee."

Nyegere alifurahi hata akatoka nje kumcheka Fungo aliyefukuzwa. Alipotosheka kucheka, akarudi. Kalunguyeye akamnusa, akasimamisha miiba.

"Hunuki mchaichai, mzee."

"Wewe! Si mimi niliyekuweka hapa?"

"Ni wewe. Na ni wewe uliyesema hakuna kujuana."

Mchaichai wote ulikuwa ndani. Ikabidi Nyegere ajishushe, aite: "Pimbi, wanangu! Nileteeni jani moja tu!"

Pimbi mmoja akachungulia, asali ikimchuruzika kidevuni.

"Tuvumilie kidogo, mzee," akasema kwa adabu. "Tunakaa kikao kwanza, tuone kama unahitajika humu."