Jemadari Aliyebaki Nje

Mchwa wa kichuguu kimoja waliwahi kuvamiwa na siafu, wakaponea chupuchupu. Malkia akaandaa sherehe, akamwita Kibogoyo, askari mzee aliyeng'olewa meno yote vitani, aketi kwenye kiti cha shujaa.

Kibogoyo hakuketi. Alikwenda moja kwa moja hadi penye kiraka cha udongo kilichoziba tundu walilopitia siafu, akasimama wima, uso ukutani.

"Kibogoyo mwanangu, mbona unatupa mgongo?" malkia akauliza, amekereka. "Si wewe uliyeziba tundu tukapona?"

"Niliziba kwa amri, mama. Jemadari Ngangari alituingiza ndani sote, majeruhi kwanza. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikamwambia, 'Afande, ingia tuzibe.' Akanijibu, 'Nikiingia, siafu wataingia na mimi. Ziba!' Nikaziba, mama. Sauti yake ilitoka nje."

Malkia, ambaye hakuwahi kunyanyuka tangu atage yai lake la kwanza, akajikokota na tumbo lake zito hadi ukutani, akainamisha kichwa.

Mpaka leo, katika sherehe za kichuguu kile, kiti cha shujaa hakikaliwi na mtu. Kimegeuzwa, kinatazama kiraka.