Fisi Katika Darasa la Ubatizo

Mpaka leo sijaelewa ni nini kilichompeleka Fisi, mlafi wa kuzaliwa, kwenye darasa la ubatizo la Mwalimu Kanga. Kila alipofunga kula alinusa nyama, akaanguka majaribuni. Jumapili alirudi vilevile: “Mwalimu, nimeshindwa. Naomba nianze tena.”

“Mzee Fisi,” Sungura, aliyekariri aya zote, alimcheka, “wewe utabatizwa ukiwa kibogoyo!”

Wakati wa mavuno, Sungura huyohuyo alikutwa akila karanga za sadaka. Kwa aibu alijifungia shimoni, akaapa kutokanyaga tena kanisani.

“Tumwache,” walisema wanafunzi. “Maandiko anayajua, atarudi mwenyewe.”

“Hatarudi,” alisema Fisi. “Hakuwahi kuanguka kabla ya hili, hivyo anadhani amekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo mara ya kwanza, nikapokelewa. Sijamaliza kushukuru.”

Basi Mwalimu Kanga akaamua kwamba Sungura afuatwe kabla ya wimbo wa kwanza, na aketi mahali pake pa siku zote. Aliyekwenda kumwita, akasubiri mlangoni mpaka alipotoka, kisha akaja naye wakitembea pamoja, alikuwa Fisi.