Maji Nyuma ya Msafiri

Stamen alifungua chupa akamwaga maji yote juu ya lami, pale ilipopita gari ya wagonjwa kuingia uwanja wa ndege.

"We mzee, unamwagilia lami?" Radka, mlinzi wa geti, alimcheka. "Hapo haioti kabichi!"

"Mke wangu anasafiri. Yordanka."

Radka akaacha kucheka. Msafiri humwagiwa maji nyuma yake ili safari iteleze. Hilo mtu wa mji huu wa Varna hafundishwi.

"Anakwenda wapi?"

"Sofia, mji mkuu, hospitali. Daktari kasema tuna muda wa saa nne tu. Ukipita kabla ya upasuaji, kazi bure. Na saa moja na robo imeshakatika."

"Mbona hukupanda naye?"

"Wamekataa. Daktari na sanduku lake, basi."

Kilomita mia tatu na themanini. Kwa ndege, dakika hamsini na tano. Kwa gari, saa tano, maana ile barabara kuu waliyoiahidi wakubwa tangu Stamen hajaota ndevu bado inaishia kwenye shamba la alizeti. Kila uchaguzi wanakuja kuikatia utepe. Na juzi gari ya wagonjwa ilitumia dakika arobaini kufika kwake, kilomita sita tu, Yordanka yuko sakafuni jikoni, mdomo umepinda.

Ndege ndogo nyeupe ilishawasha injini. Haikuondoka.

"Inangoja nini?"

Radka akasikiliza redio yake, akakunja uso. "Kuna mkubwa anatua. Hakuna kuruka mpaka ashuke."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kuoga bahari, kwani nini?"

Stamen akaung'ang'ania waya wa uzio kwa mikono miwili. Dakika kumi. Ishirini. Kwenye ya thelathini na tano mkubwa akashuka na miwani yake ya jua. Nyuma yake akashuka mbwa.

"Juzi walishamchelewesha," Stamen alisema, meno yamegandana. "Wasithubutu mara ya pili."

Ndege ikaruka. Radka akamletea kahawa, hakuionja. Macho yalikuwa kwenye saa. Dakika arobaini. Hamsini na tano. Sitini, na simu kimya. Ya sitini na tatu, ikalia.

"Tumetua," daktari alisema, anahema. "Tumewahi, mzee Stamen."

Kahawa ikammwagikia viatuni. Radka akampiga mgongoni kwa furaha. "Atarudi huyo! Atakupikia banitsa, ule mkate wa jibini, mpaka uombe poo!"

Stamen akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akatoa mfukoni bunda la karatasi zenye ukingo mweusi. Kwenye kila moja, pichani, Yordanka alikuwa akitabasamu.

"Niruhusu nibandike tangazo moja hapo getini, binti yangu. Moyo wake umewahi kwa mgonjwa anayeungoja. Mwenyewe tunamzika kesho saa saba."