Siri Bila Utepe

Namsifu alikuwa anamenya ndizi mgeni alipobisha hodi. Mgeni huyo alikuwa mpimaji wa maongezi, wa kukagua jinsi wazazi wanavyoongea na watoto wao.

"Tulikutarajia Ijumaa, dada."

"Ndiyo maana nimekuja leo, mama Nakunda. Robo saa tu."

Namsifu na binti yake Nakunda wakavaa kichwani tepe za kupimia, zenye taa ndogo. Bongo zao zikienda pamoja katika mazungumzo, taa huwaka kijani; zikiachana, nyekundu. Nyekundu ikizidi, mtoto hupelekwa Nyumba ya Maongezi siku tatu kwa wiki, akasemezwe na wataalamu.

Namsifu akamwambia binti yake kwamba anampenda. Nyekundu. Akamgombeza kwa kumwaga uji. Kijani. Akajaribu kumtania, ikarudi nyekundu.

Nakunda akavuta kanga ya mama yake. "Mama, ile siri. Ulisema tutavua tepe, na humwambii mtu."

Ni kweli alimwahidi hivyo asubuhi, akimsuka, Nakunda aliposema ana siri ambayo tepe zisiisikie.

"Mkivua naandika sifuri," mpimaji alisema kwa upole. "Jumatatu gari litakuja kumchukua mtoto."

Namsifu akavua tepe zote mbili, akainama. Mtoto akamnong'oneza: "Ile taa inakuwa kijani nikiogopa."

Mpimaji aliinua kalamu. "Amesema nini? Kama kuna sababu, nitaiandika."

Namsifu alimtazama bintiye, aliyekuwa amekishika kidole cha mama yake kwa nguvu.

"Ni mambo yetu tu, dada."

Kalamu ikaandika sifuri. Moyo wa Namsifu ulikuwa ukienda mbio, na bila kutaka akajiuliza taa ingewaka rangi gani sasa.