Mizunguko Miwili

Jua lilichoma bati mpaka likawa linalia, na muuza miwani alikuwa nyuma ya kaunta anafuma skafu ya sufu.

Hakuwa mtu wa kufuma. Mara ya mwisho kushika sindano alikuwa msichana, na mama yake alimfumulia kazi yote kila alipokosea mshono mmoja. Lakini kile kitambaa chepesi alichojifunga juzi kiliteleza mbele ya mteja, na mteja, badala ya kusoma herufi ukutani, akaisoma shingo yake.

Basi akanunua uzi wa kijani na sindano ya mviringo. Akaanza na mishono mia na ishirini, akaiunganisha duara, skafu isiwe na ncha ya kuvutwa wala fundo la kufunguka.

"Una mafua au una mapenzi?" meneja alimtania.

"Vyote viwili," akajibu, akacheka palipotakiwa kicheko.

Siku ya tatu akaimaliza, akasimama mbele ya kioo cha wateja. Aliiacha ining'inie mzunguko mmoja: ilishuka kifuani vizuri, ila upande wa kushoto alama mbili zilichungulia. Akaivuta mpaka juu ya nywele: alionekana kama mfiwa. Akaikunja mizunguko miwili. Hapo ilifunika kila kitu, lakini ilibana palepale palipouma. Akaiacha hivyo hivyo, akaigeuza kidogo ili kiungo kikae nyuma ya sikio.

Duka la miwani ni vioo mbele na nyuma. Alipoinua macho, alimwona dada yake amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Nani amekufanyia hivyo?"

"Nilianguka."

"Ukaangukia vidole?"

Simu ikaita juu ya kaunta. Alikuwa mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miraba minne ambaye sauti yake haikuhitaji spika.

"Leo nitachelewa kidogo," alisema. "Usiingie ndani mpaka nifike. Ukae nje unisubiri. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Dada mtu naye alikuwa amesikia.

Jumamosi asubuhi dada akaja nyumbani na kaka yao mkubwa, mwalimu asiyependa maneno mengi. Walimkuta mama yao kwenye kiti chake, ameoga, amepakwa mafuta, anatabasamu. Mama alikuwa akiishi pale tangu alipoanza kusahau birika motoni, na kila walipokuja kumwona walimkuta hivyo, wakaondoka na amani.

Siku hiyo hawakuja kwa ajili ya mama. Kaka alimwambia fundi anyooshe mikono. Kuanzia viganjani hadi viwikoni ilikuwa na mikwaruzo ya kucha.

"Na hii?"

"Ya kazini," fundi akasema, akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Chuma kina kucha siku hizi?" dada aliuliza. "Jirani amesikia vitu vikivunjika. Mara mbili wiki hii."

"Si yeye," muuza miwani akasema.

"Wote husema hivyo."

"Kaka, nakuapia. Si yeye."

"Basi nani? Taja jina, nimfuate sasa hivi."

Alifungua mdomo. Alikuwa amekula kiapo kwamba hatasema, amekula akiwa amepiga magoti. Mama akauliza kama chai imeiva. Muuza miwani akaenda kumimina chai.

Kaka hakusubiri zaidi. Alikuwa na nyumba ndogo iliyokosa mpangaji. "Utahamia huko leo," alisema. "Mama naye haachwi na mtu wa namna hii, mnakwenda wote. Mtalala chumba kimoja, na mlangoni nimeshaweka komeo."

Hapo ndipo fundi alipobadilika rangi.

"Nani mwingine atakaa nao?"

"Hilo halikuhusu."

"Shemeji, tafadhali. Niruhusu niwe napita, hata mara moja kwa siku. Nisimame uani tu."

"Ukionekana kule, utajieleza polisi."

Fundi akaketi kwenye ngazi ya mlangoni. Mwanamume mzima, mabega kama kabati, akalia mbele za watu.

"Machozi ya mamba," dada akanong'ona, akamshika mdogo wake kiunoni na kumwongoza garini. Muuza miwani aligeuka mara tatu. Mara ya tatu mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Nyumba ya kaka ilinuka rangi mpya. Wakamshushia mama godoro, wakamwekea maji na mkate, wakalijaribu komeo: lilikuwa zito, la chuma, lilihitaji mikono miwili. Dada akamkumbatia mdogo wake kwa muda mrefu.

"Sasa uko salama," alimwambia. "Pumua."

Muuza miwani alimshikilia mkono. "Lala hapa leo. Siku moja tu."

"Nina watoto, mpenzi. Na huna cha kuogopa tena."

Mama akawapungia kutoka dirishani, akawaita wote kwa majina yao bila kukosea hata moja. Gari likakata kona.

Kisha mama akageuka. Akamtazama binti yake kutoka miguuni hadi kichwani, na tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Umerudi tena, mwizi wewe?" akasema, akamjia ameinyoosha mikono yote miwili, moja kwa moja shingoni.