Kitambaa cha Waiyego

Wahu alikataa kiti. Alisimama katikati ya sebule ya Cate kule Elgon View, macho kwenye kitambaa kilichotandikwa juu ya meza kubwa, mpaka wageni wakaacha kula.

Kilikuwa cheupe, cha uzi mwembamba kama unywele, kazi ya kroshia ya marehemu Waiyego, mamake Wahu na nyanyake Cate. Waiyego alihamia Moiben kutoka Murang'a. Mchana alilima mahindi, jioni akafuma. Mabibi harusi walitoka Eldoret mjini kumfuata shambani wakitafuta shela. Lakini kitambaa hiki hakumfumia mtu. Alikianza Wahu akiwa anatambaa, akakimaliza Wahu akiwa ameposwa, na mtoto aliyekikaribia alifukuzwa asije akakichafua.

Kabla ya kufa alisema kiende kwa Cate. Tangu hapo Wahu hakutulia. Kila alipokuja kumtembelea mpwa wake, alikitazama kama mke anavyomtazama mke mwenza. Irungu, babake Cate, alimwonya kwamba ni aibu mtu wa umri wake kumwonea wivu mtoto wa ndugu yake. Wahu hakubisha kuhusu wivu. Alimwambia tu kwamba hajaelewa.

Sasa alisema mbele ya watu wote.

"Cate, nipe hicho kitambaa."

"Tata, si unajua cucu Waiyego aliniachia mimi?"

"Najua. Nipe."

Shangazi yake alikuwa ameshanyoosha mikono kukipokea. Sijui ni huruma ilimshika Cate au ni haya ya wageni, lakini aliondoa sahani moja moja, akakikunja kitambaa taratibu, akampa. Akamwomba akitunze, maana hakuna mwingine duniani wa kukifuma tena.

Wahu hakuahidi lolote. Alikitia mkobani akaondoka bila kunywa chai, na nyuma yake akasikia mtu akisema uchoyo hauzeeki.

Alipofika kwake alifunga mlango. Hakukitandika mezani, wala kwenye makochi, wala hakukificha sandukuni. Aliketi, akapapasa ukingoni mpaka akapata mwisho wa uzi, akauvuta. Safu ya kwanza ikafumuka, kisha ya pili, uzi ukawa unarundikana sakafuni.

"Mama alikupakata wewe utoto wangu wote," akakiambia. "Leo shuka."