Nafasi ya Sifuri

"Mwingize sifuri," alisema Crisanto huku akitafuna ndizi ya kukaanga iliyochomekwa kwenye kijiti. "Si mwishoni. Sifuri, juu kabisa."

Analyn hakugusa kibodi. Kwenye programu ya foleni, nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri, na aliye sifuri ndiye anayeitwa wa kwanza. Leo aliyetakiwa kukaa hapo ni dada yake meya, aliyeamka na kukumbuka kwamba daktari wa macho anafika kesho kutoka Manila.

Daktari huyo huja mara moja kwa mwaka, huwapasua wazee macho bila malipo, kisha hupanda meli akarudi. Wazee hujiandikisha kwenye tovuti ya ofisi ya afya ya mji, na tovuti hiyo aliitengeneza Analyn. Kila anayejiandikisha huingia mwishoni mwa foleni, mpaka ijae. Lakini programu ilikuwa na amri nyingine, aliyoidai bosi wake, Crisanto: kumwingiza mtu popote, na wote walio chini yake wasogee nafasi moja. Wa mwisho hana pa kusogea. Anadondoka, na programu yenyewe inamtumia ujumbe wa kumpa pole.

Mwaka jana aliyedondoka alikuwa bibi yake Analyn, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Nafasi ilichukuliwa na rafiki wa Crisanto wa kupiganisha majogoo. Miezi michache baadaye bibi hakuiona ngazi ya kanisa. Crisanto alikuja kwenye mkesha wa maiti, akacheza karata na waombolezaji mpaka kulipokucha, akashinda, akaondoka akipiga mluzi.

"Leo ndiyo leo," Analyn alikuwa amemnong'oneza Junrey, mwenzake wa meza ya pili, asubuhi hiyo.

"Umeharibu programu?"

"Programu ni nzima."

"Umewaita watu wa redio?"

"Sijamwita mtu."

Junrey alifanya ishara ya msalaba hata hivyo.

Sasa Analyn aligeuza kiti, akamtazama bosi wake. "Bosi, foleni imejaa. Huyu akiingia, kuna bibi atatoka."

"Kila mwaka kuna bibi anatoka."

"Niliongea naye jana kwenye simu, nikithibitisha nafasi yake. Haoni hata sahani iliyo mbele yake. Na mwanawe hajui."

Crisanto aliangua kicheko, punje za sukari zikamruka mdomoni. "Hajui? Mama yake kipofu na yeye hajui? Binti, huyo si mtoto, huyo ni gogo! Hata huyo mama akipona, ataona nini cha maana hapo nyumbani?"

Junrey aliinamia meza yake.

"Nikusomee jina lake?" aliuliza Analyn.

"Majina ya nini? Nina mgeni wa meya, wewe unaniletea majina."

"Basi nikufungulie ukurasa wa mwisho, uone mwenyewe."

"Sikiliza." Crisanto alimwinamia, sauti ikashuka. "Najua bado una kinyongo cha bibi yako. Nakupa pole. Lakini usije ukalipiza kwa dada yake meya."

"Silipizi kwa dada yake meya."

"Sasa unangoja nini?"

Analyn aliandika jina la mgeni, akaandika sifuri mahali pa nafasi, kisha akasukuma kiti chake pembeni. "Mikono inanitetemeka, bosi. Malizia wewe."

"Wasomi wa siku hizi!" Crisanto alilamba kidole, akapita juu ya bega lake, akabonyeza.

Majina yote yalishuka nafasi moja. Kitufe cha kutengua kiliwaka chini kwenye skrini, kama kinavyowaka kila mara kabla ujumbe haujatumwa. Junrey alikitazama, akamtazama Analyn. Analyn aliikunja mikono mapajani. Kitufe kikazimika.

"Umeona?" alisema Crisanto. "Kuna aliyekufa?"

Alikuwa bado anacheka simu yake ilipoita. Vidole vilikuwa vinanata sukari, kwa hiyo akaiweka mezani, akaipokea kwa kipaza sauti, akibonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Anto, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke mzee, imejaa furaha, "nisamehe nakusumbua kazini. Nimesikia ujumbe ukiingia kwenye simu yangu, nadhani ni wa yule daktari wa macho. Nilitaka usijue mpaka nipone. Unaweza kuja unisomee?"